"Mungu Atakulipa" Sio Asante

Kuna sentensi moja ambayo kama umewahi kufanya kazi kanisani au kwenye taasisi yoyote ya Kikristo lazima umeshaisikia, na kama wewe ni kiongozi basi nina hakika umeshaisema. Mimi nimeisema mara nyingi mpaka nikikumbuka naona aibu. "Mungu atakulipa." Mtu amekesha, amebeba viti, amepanga mafaili ya miaka mitatu peke yake, halafu kiongozi anamshika bega, anatabasamu ule upole wa kichungaji, anamwambia Mungu atakulipa mtumishi wa Mungu, na hapo hapo anageuka kuongea na mtu mwingine. Na yule mtu anaitikia Amina, maana atasema nini kingine jamani, akikataa si ataonekana hana imani.

Mi sina ugomvi na theolojia ya hiyo sentensi. Waebrania 6:10 inasema kabisa kwamba Mungu si dhalimu hata aisahau kazi ya watu wake, na mimi naliamini hilo andiko kwa moyo wote. Ugomvi wangu ni na matumizi. Tunaitumia kama mtu anayehamisha deni, kazi umefanyiwa wewe, faida umepata wewe, ripoti nzuri imesomwa kwa jina lako, halafu ukifika wakati wa kushukuru unasema ankara ipelekwe mbinguni. Yaani Mungu tumemfanya idara ya malipo.

Nieleze lilivyonikuta, maana sitaki niandike kama mtu aliyezaliwa anajua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naongoza ofisi moja ya huduma, ofisi ndogo tu, watu 14 tukijihesabu na mlinzi. Wakati wa ukaguzi wa hesabu mkaguzi wa nje akakuta kuna masurufu ya safari, yaani hela za safari, ambayo hayajarejeshwa, stakabadhi hazipo. Mhasibu wetu, dada mmoja mkimya sana, akakaa siku tatu anatafuta. Siku tatu hizo maana yake ni mpaka usiku, anafungua boksi moja baada ya jingine, anapiga simu kwa madereva, anapiga hotelini kuomba nakala za risiti za miezi minane nyuma. Siku ya tatu jioni akaja mlangoni kwangu akasema, "Samahani Mtumishi, naomba uangalie na kwenye begi lako la laptop." Nikaangalia. Zilikuwa kwenye kile kimfuko cha nyuma, zimekunjwa, nyingine zimefutika na jasho. Safari ilikuwa yangu mimi. Na yule dada hakusema neno, alizipokea akazinyoosha moja moja juu ya meza kwa kiganja kama mtu anayenyoosha shati, akaondoka nazo.

Ukaguzi ukapita salama, hati ikatoka safi. Jumatatu kwenye ibada ya asubuhi ya wafanyakazi nikasimama mbele nikasema ndugu zangu Mungu ni mwema, ukaguzi umepita, ni neema tu, tumpigie Yesu makofi. Tukapiga na yule dada akapiga. Tukaimba pambio, tukanywa chai, tukaendelea na kazi. Kama miezi mitano baadaye akaleta barua ya kuacha kazi, na nilipomuuliza kama ni mshahara akasema hapana, mshahara ni ule ule tu hata huko anakoenda. Akafikiri kidogo. "Hapa nilikuwa najiona kama kabati, Mtumishi. Mnafungua mnachukua, mnafunga."

Sasa hapa mtu anaweza kusema ila si ulimshukuru Mungu, na utukufu si ni wa Mungu? Ndio, ni wa Mungu. Lakini angalia nilichofanya pale mbele kwa makini, mimi sikumpa Mungu utukufu wa yule dada, nilitumia jina la Mungu kufunika ukweli kwamba stakabadhi zilikuwa kwenye begi langu. Kama ningemshukuru yeye kwa usahihi ingebidi niseme alichofanya, na kusema alichofanya ingebidi nikiri nilichofanya mimi. Makofi kwa Yesu yalikuwa njia rahisi. Nimekuja kuona kwamba sehemu kubwa ya ukimya wetu viongozi kwenye mambo ya shukrani haitokani na kusahau. Shukrani ya kweli inakulazimu useme mbele ya watu kwamba hili jambo lingeharibika kama si fulani, na wewe kama kiongozi hutaki kuonekana kwamba ulikuwa unategemea mtu.

Halafu tuna andiko letu la kujificha, Luka 17. Pale Yesu anauliza kama bwana humshukuru mtumwa kwa sababu amefanya aliyoagizwa, na anamalizia kwamba mkishafanya yote semeni sisi ni watumwa wasio na faida. Nimesikia hili andiko likisomwa kwenye vikao vya wafanyakazi mara nyingi mno, na mara zote likisomwa na bosi. Lakini rudi juu kidogo mstari wa 5, uone nani wanaambiwa. Ni mitume. Ni viongozi wenyewe ndo waliokuja kuomba waongezewe imani, na jibu ndo hilo. Yesu hakuwa anawafundisha mabosi namna ya kuwaona wafanyakazi wao, alikuwa anawafundisha viongozi namna ya kujiona wao wenyewe mbele za Mungu. Sisi tumeligeuza kibao, andiko la kunishusha mimi nalitumia kumshusha mhudumu wa usafi, na nikishamaliza naenda kukaa kwenye kile kiti chenye mto.

Na kinachonichekesha zaidi ni kwamba ukisoma mbele kidogo tu, sura hiyo hiyo, hata ukurasa hujafunua, unakutana na wale wakoma kumi. Wote wametakaswa, amerudi mmoja kushukuru, naye Msamaria, na Yesu anauliza wale wengine tisa wako wapi. Mtu aliyeishia mstari wa 10 amejipunja. Na kama anataka kujua bwana wa kwenye mifano ya Yesu anafananaje arudi sura ya 12 mstari wa 37, kuna bwana pale anarudi usiku anakuta watumwa wake wako macho, anajifunga mwenyewe, anawaketisha chakulani, anawahudumia yeye. Hilo sijawahi kulisikia kwenye kikao cha wafanyakazi hata siku moja, labda mwenzangu umelisikia.

Mtu ambaye kwa mawazo yangu anatuumbua viongozi wote ni Paulo, na hasa Warumi 16. Tunairuka hiyo sura, tuseme ukweli. Ni majina tupu, mengine hata kuyatamka ni shida, Asinkrito, Flegoni, Patroba, unasoma kama mtu anayeita rejista ya darasa asilolijua. Lakini soma polepole kama wewe ni kiongozi wa watu. Mtu ameandika sura 15 za mafundisho mazito kuliko kawaida, halafu ya mwisho anaitumia kutaja watu zaidi ya 20, na kwa wengi wao anaweka na kitu walichofanya. Mariamu amejitaabisha sana kwa ajili yenu. Priska na Akila walihatarisha shingo zao kwa ajili ya uhai wangu. Persisi amefanya kazi sana. Rufo, na mama yake, ambaye Paulo anasema ni mama yangu pia. Huyu mama hata jina lake hatulijui, ila tunajua kuna mahali alimtunza mtume kama mwanae, na mtume hakuona haya kulisema hilo kwenye barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima.

Na kumbuka wakati anaandika Paulo alikuwa hajawahi kufika Rumi. Sura ya 1 anasema mara nyingi alikusudia kuja akazuiliwa. Kwa hiyo watu hao hakuwa anakutana nao koridoni kila asubuhi, na bado anajua nani alifanya nini. Mimi nilikuwa napita mezani kwa mhasibu wangu kila siku saa mbili asubuhi na sikujua kwamba alikuwa anabaki mpaka usiku.

Kuna kingine kwenye sura hiyo ambacho nakipenda sana. Mstari wa 22 ghafla anaongea mtu mwingine kabisa, mimi Tertio niliyeandika waraka huu nawasalimu. Huyu ni katibu, mwandishi aliyekuwa anaandika Paulo akisema. Paulo alimwachia nafasi asalimie kwa mdomo wake na kwa jina lake. Sasa jiulize wewe, kwenye ripoti ya mwaka ya ofisi yako, ile yenye picha yako ukurasa wa kwanza na neno la mkurugenzi, yule aliyekaa na kompyuta wiki mbili akiichapa, akaipanga, akakurekebishia na sarufi, jina lake liko wapi? Mimi zangu zote nilizowahi kusaini, halipo hata kwenye moja.

Linganisha na tunachofanya siku hizi. Tukio limeisha saa nne usiku, saa nne na dakika tano kiongozi anatuma kwenye grupu la WhatsApp, "Asanteni sana timu, mmefanya kazi kubwa, mbarikiwe sana" na vile vimikono vilivyokunjwa vya kuomba sita. Zinafuata Amina 13. Kila mtu ameshukuriwa na hakuna aliyeshukuriwa, aliyebeba spika na aliyekuwa anapiga selfi wamepewa kitu kile kile. Sisemi ni dhambi, ni bora kuliko kimya, lakini ni shukrani ambayo ungeweza kuiandika hata kama hukuwepo. Nadhani hicho ndo kipimo changu siku hizi, kama naweza kusema hiyo asante bila kuwa nimeangalia chochote basi haijafika bado.

Watanijibu kwamba hata Paulo alisema Mungu wangu atawajaza kila mnachokihitaji, Wafilipi 4:19, si ndo ile ile Mungu atakulipa? Haya, ila soma imetanguliwa na nini. Kabla ya kufika hapo ameshaandika kama mhasibu, kwamba mlinitumia nilipokuwa Thesalonike, na si mara moja, kwamba hakuna kanisa jingine lililoshirikiana nami kwenye kutoa na kupokea isipokuwa ninyi, kwamba nimepokea vitu vyenu kwa mkono wa Epafrodito. Ametoa stakabadhi kamili, imetoka wapi, lini, kaileta nani. Ndo baadaye anasema Mungu atawajaza. Sisi tunaruka stakabadhi tunaenda moja kwa moja kwenye baraka. Na huyo huyo Paulo, alipokuja kwenye deni halisi, la mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, hakusema Mungu atakulipa. Alishika kalamu mwenyewe akaandika kwa mkono wake, mimi nitalipa.

Ambayo inanileta kwenye hela, na hapa nitaongea wazi kwa sababu wengi tunapenda kuongelea shukrani ili tusiongelee hela. Biblia haikuacha mwanya kwenye hili. Walawi 19:13, ujira wa mtu aliyeajiriwa usilale kwako mpaka asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15, umlipe kabla jua halijachwa, maana yeye ni maskini na moyo wake unautegemea huo ujira. Yakobo 5:4, ujira uliozuiwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Yaani pesa yenyewe inalia, hata mfanyakazi akinyamaza kwa heshima. Halafu unakuta taasisi ina miezi miwili haijalipa mishahara, makato ya pensheni yanakatwa na hayapelekwi kunakotakiwa, ila mwisho wa mwaka kuna hafla ya kuwatambua wafanyakazi bora, kuna vyeti vimewekwa kwenye fremu, kuna na keki. Mtu anapokea cheti anatabasamu kwenye picha na moyoni anahesabu kodi ya nyumba. Ukimpa mtu cheti juu ya mshahara usiolipwa hujamshukuru, umemdhihaki, na bora ungenyamaza tu ukamwambia ukweli kwamba hatuna na tunatafuta.

Ila kosa la upande wa pili lipo pia, la kudhani ukishalipa umemaliza. Frederick Herzberg na wenzake mwaka 1959 walitoa utafiti wao waliofanya kwa wahandisi na wahasibu kama 200 hivi wa Pittsburgh, Marekani, wakawauliza ni lini walijisikia vizuri sana kazini na ni lini vibaya sana. Mshahara ulikuwa unatajwa zaidi kwenye manung'uniko, na kwenye zile hadithi za kujisikia vizuri kilichokuwa kinarudi rudi ni mtu kufanikisha jambo na jambo hilo kutambuliwa. Utafiti huo umepingwa sana toka wakati huo na wenye fani yao, sitaki kuubeba kama msahafu, lakini kila nikiufikiria namuona yule dada na kabati lake. Wahasibu, tena.

Kuna na huu wa karibuni zaidi, wa Adam Grant na Francesca Gino, 2010. Walichukua watu wanaopiga simu kuombea chuo kikuu michango, kundi moja likatembelewa na mkurugenzi aliyewaambia anashukuru kwa kazi yao, kundi jingine halikutembelewa. Wiki iliyofuata wale walioshukuriwa walipiga simu zaidi kwa zaidi ya asilimia 50, wale wengine wakabaki pale pale. Kwa asante moja tu ya mdomo!

Na hapa ndo naogopa kidogo. Kwa sababu najua kiongozi atakayesoma hiyo asilimia 50 na kesho yake asubuhi atazunguka ofisi nzima akishukuru mpaka mtungi wa maji. Shukrani ikishakuwa mbinu ya kuongeza uzalishaji watu wanainusa tu, wafanyakazi sio wajinga, wanajua kabisa asante inayokuja na kazi nyingine nyuma yake. "Aisee jana ulifanya vizuri sana, kwanza hebu na hii nayo..." Mithali 29:5 inamtaja mtu anayejipendekeza kwa jirani yake kwamba anatandika wavu miguuni pake. Kiongozi wa Kikristo anashukuru kwa sababu ni kweli, basi. Kazi imefanyika, imefanywa na fulani, na kukaa kimya kuhusu ukweli huo ni namna ya kudanganya. Hata kama kesho asingeongeza bidii hata punje, hata kama ameshaandika barua ya kuacha, bado unadaiwa kuusema.

Wanaosema ukimsifu sana atavimba kichwa, hao sina muda nao sana. Bwana wa kwenye Mathayo 25 alimwambia mtumwa wake vema, mtumwa mwema na mwaminifu, na hakuogopa kichwa kuvimba. Na ule mkono wa kushoto usiojua unachofanya wa kuume, Mathayo 6, unahusu sadaka yako wewe, haukatazi kuisema kazi ya mwenzako.

La nani anashukuriwa ndo linaniuma zaidi. Angalia hafla zetu. Wanaitwa mbele waimbaji, wahubiri, wageni, wafadhili, kamati. Watu wa jukwaani. 1 Samweli 30, Daudi na watu wake 600 wanawafukuza Waamaleki, wakifika kijito cha Besori 200 wamechoka hawawezi kuvuka, wanabaki na vyombo. Wale 400 wanaenda wanapigana wanarudi na nyara, na baadhi yao wanasema hawa waliobaki wasipewe kitu, wachukue wake zao na watoto wao waende zao. Daudi akakataa, akasema fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa penye vyombo ni sawasawa, na akaifanya kuwa sheria Israeli. Wanaokaa penye vyombo unawajua ofisini kwako, ni mlinzi, dereva, anayefua vitambaa vya meza ya Bwana, anayebaki kuzima taa.

Lakini huyo huyo Daudi, na hili nimelikuta siku moja nasoma bila kutafuta likaninyima usingizi. 2 Samweli 23 kuna orodha ya mashujaa wake, orodha ya heshima, jumla yao 37. Ukifika chini kabisa jina la mwisho ni Uria, Mhiti. Uria yule yule. Kwenye sura ya 11 Daudi amechukua mke wake, amemlewesha, amempa barua ya kifo chake aibebe mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe mpaka vitani, na jina lake limo kwenye orodha ya mashujaa wa mfalme. Kwa hiyo usiniambie kwenu mna ukuta wa picha za wafanyakazi bora. Uria naye alikuwa ukutani. Mtu anaweza kuwa kwenye orodha yako ya heshima na wakati huo huo wewe ndo unayemmaliza, kwa simu za saa sita usiku, kwa likizo zilizofutwa, kwa kumuweka mstari wa mbele kila palipo na moto halafu wengine mnarudi nyuma.

Namna ya kushukuru sitaielezea sana, kila mtu ana watu wake. Nitasema tu kwamba wengine kuitwa mbele ni adhabu, unamuona mtu anatetemeka na maiki mkononi, huyo ungemfuata mezani kwake au ungemuandikia mistari minne kwenye karatasi angeitunza miaka kumi. Na wengine wakiambiwa faraghani wanashangaa, mbona ulivyokuwa unanikaripia ilikuwa mbele za watu. Hao wana hoja. Na mwingine asante yake ni kulala tu. Marko 6, mitume wamerudi kutoka kazini wanasimulia yote waliyofanya na kufundisha, Yesu akawasikiliza halafu akawaambia njoni faraghani mpumzike kidogo, maana hata nafasi ya kula walikuwa hawana.

Baada ya yule dada kuondoka nilijipa zoezi, kwa kweli lilikuwa kama toba. Kila mwezi nichague mtu mmoja ambaye sijui kazi yake inafanyikaje, nikae naye. Wa kwanza alikuwa fundi wa mitambo ya sauti wa kanisani tunakosali, kijana tu, miaka yote nimehubiri kupitia mikono yake na sikuwahi kukaa upande wake. Nikafika Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, nikamkuta yupo tangu saa kumi na moja. Alikuwa anatembea amechuchumaa, anabandika nyaya chini kwa gundi ya karatasi ili mama wazee wasijikwae. Akapima kila maiki, sio kwa kusema helo helo, anasoma zaburi nzima kwa sauti ya chini maana anasema helo haionyeshi herufi zinazokwaruza. Ana daftari, ameandika kila mhubiri anashikaje maiki. Nikaomba nione langu. Limeandikwa, "huyu anaisogeza mbali akianza kulia, mpandishe." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ibada ikaanza nikiwa nimekaa pembeni yake nyuma kabisa, na pale nyuma ndo niliona kitu ambacho mbele hukioni. Saa mbili na nusu za ibada na hakuna aliyegeuka kumwangalia hata mara moja. Kisha spika moja ikapiga mluzi, sekunde mbili hivi, na vichwa vyote vikageuka kwa pamoja, kanisa zima, na mchungaji akakunja uso kutokea madhabahuni. Kijana akawa ameshaizima kabla hata hawajamaliza kugeuka. Wakarudi mbele. Akaniangalia akatabasamu kidogo, akaendelea.

Watu walipotawanyika nikamsaidia kukunja nyaya, vibaya, akazikunja upya. Nikamwambia nilichokiona, moja moja, zile nyaya na wale mama, ile zaburi, daftari, kwamba miaka yote ambayo watu wameniambia neno limewagusa kulikuwa na mtu anapandisha sauti yangu nikilia. Nikajiandaa kusema na ile sentensi yangu, ilikuwa imeshafika mdomoni kabisa, nikaimeza.

Akainama kidogo akashukuru. Halafu kama mtu aliyekuwa anapima kama aseme au aache, akasema, "Ila Mtumishi, kuna zile betri za maiki. Nimekuwa nanunua kwa hela yangu toka mwezi wa tatu."

Nikamuuliza kama ana risiti. Akafungua lile daftari nyuma. Zilikuwepo zote, kwenye bahasha, zimepangwa kwa tarehe.